Uzi: Chaji chanya na chaji hasi kwa pamoja, au namna changamano za polielektrolaiti zinavyoipa nguvu karatasi ya maboksi chakavu

#1 – Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika maabara ya kiwanda cha karatasi ambacho malighafi yake ni maboksi chakavu, yale yanayookotwa mitaani na kununuliwa kwa kilo. Swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote ni kwa nini mfuko wa kaki wa siku hizi huchanika upesi hata ukiwa mkavu. Swali hili limekuwa zito zaidi tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu mizigo mingi iliyokuwa ikibebwa na plastiki sasa hutafuta karatasi ya kuibeba.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizolala moja juu ya nyingine na kushikana pale zinapogusana. Nguvu yake hutegemea mambo mawili makubwa: uimara wa kila unyuzi, na wingi pamoja na uimara wa viungo baina ya nyuzi. Katika karatasi ya maboksi chakavu unyuzi wenyewe kwa kawaida bado ni imara vya kutosha. Kilichokufa ni viungo. Kila mara karatasi inapokaushwa, vijitundu vilivyo katika ukuta wa unyuzi hujifunga, na baadhi yake havifunguki tena hata unyuzi ukirudishwa majini. Mjerumani Georg Jayme aliieleza hali hiyo mwaka 1944 na kuiita kwa neno lenye maana ya kugeuka pembe. Kwa kweli unyuzi uliokauka mara kadhaa huwa mgumu kama pembe: haunywi maji vizuri, haulainiki, na kwa hiyo haulali vyema juu ya mwenzake.

Dawa ya kwanza ambayo kila kiwanda huikimbilia ni kuzisaga nyuzi zaidi ili zichanue na kulainika. Kusaga huleta nguvu, lakini nyuzi ambazo zimekwisha kusagwa mara moja au mbili katika maisha yake ya awali hukatika, chembe laini huongezeka, maji hayachujiki upesi kwenye wavu, mashine hulazimika kupunguza mwendo, na mvuke wa kukaushia hutumika kwa wingi. Tena karatasi hushindiliana na kuwa nyembamba, jambo ambalo mtengenezaji wa maboksi halipendi, kwa kuwa boksi linahitaji unene ili lisipinde.

Dawa ya pili ni wanga wenye chaji chanya. Ukiwa ndani ya maji, uso wa unyuzi una chaji hasi, itokayo hasa kwenye makundi ya kaboksili yaliyomo katika hemiselulosi na katika mabaki ya lignini, ambazo ni viambato vya mti. Kwa hiyo wanga ukipewa chaji chanya, kwa kawaida kwenye vipande 2 hadi 5 vya glukosi katika kila 100, huvutwa na unyuzi na kunata juu yake badala ya kukimbia na maji. Kilo 5 hadi 15 kwa tani moja ya karatasi ni kiwango cha kawaida. Dawa hii ni nzuri, nami sina neno baya juu yake, ila ina ukomo: chaji hasi ya unyuzi ikishatulizwa yote, wanga unaoongezwa baada ya hapo hauna pa kushika. Huzunguka ndani ya maji ya mashine, hutoa povu, hulisha bakteria, na mwisho hutoka na majitaka.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumzie changamano za polielektrolaiti. Polielektrolaiti ni molekuli ndefu kama mnyororo yenye chaji nyingi mwilini mwake. Ukichanganya aina yenye chaji chanya na aina yenye chaji hasi, minyororo hiyo hukumbatiana na kuwa kitu kimoja chenye maji mengi ndani yake, laini, kinachonata. Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilikuwa na bilauri mbili: moja ya myeyuko wa wanga wenye chaji chanya uliopikwa vizuri, nyingine ya CMC, yaani selulosi iliyotiwa makundi ya kaboksimethili na hivyo kuwa na chaji hasi. Myeyuko wa CMC ulikuwa angavu kama maji ya kunywa, na ule wa wanga ulikuwa na ukungu kidogo sana. Nilipomimina CMC kidogo kidogo huku nikikoroga, bilauri ilianza kuwa nyeupe kama maji yaliyooshea mchele. Niliacha kukoroga, nikaiweka mezani, nayo ikabaki nyeupe vilevile hadi jioni. Siku ya pili nikaongeza CMC mpaka chaji za pande mbili zikakaribia kulingana, na papo hapo ule weupe ukakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu: mabonge yakazama chini, maji juu yakawa angavu kabisa. Katika bilauri hiyo, ya siku ya kwanza na ya siku ya pili, mna karibu kila kitu ambacho mtu anahitaji kujua kabla ya kupeleka jambo hili mashineni.

Msingi wa kisayansi si mpya. Raymond Fuoss na Hussein Sadek waliandika kuhusu mwingiliano huu mwaka 1949, na Alan Michaels na wenzake wakauchunguza kwa kina katika miaka ya 1960. Kinachoisukuma minyororo kukumbatiana ni zaidi ya mvutano wa chanya na hasi. Kila mnyororo ukiwa peke yake majini umezingirwa na ioni, yaani chembe ndogo ndogo zenye chaji, zilizofungwa karibu yake. Minyororo miwili ikishikana, ioni hizo huachiliwa na kutawanyika, na ongezeko hilo la entropia, yaani la mtawanyiko, ndilo lenye nguvu kubwa zaidi.

Karibuni kwa maswali na uzoefu.

#2 – Mchangiaji, mwanafunzi wa kemia

Shukrani sana, mkuu, kwa uzi huu. Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, ikiwa unyuzi una chaji hasi na tunataka kitu kinate juu yake, kuongeza polima (molekuli ndefu kama mnyororo) yenye chaji hasi si kupunguza mshiko? Pili, nimefundishwa kwamba nyuzi za karatasi hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Changamano hizi zinaongeza nini ambacho vifungo hivyo havina?

#3 – Mwanzisha uzi

Maswali yako yamelenga penyewe. Nianze na la pili, kwa kuwa jibu lake litalibeba la kwanza.

Vifungo vya haidrojeni hufanya kazi kwa umbali mdogo mno, chini ya nanomita moja, na nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Sasa fikiria nyuzi mbili ngumu za boksi chakavu zikilaliana. Kwa darubini uso wa unyuzi una mikunjo, nyufa na vijinywele; nyuzi hizo zikigusana, sehemu zinazokaribiana kiasi cha kuunda kifungo ni chache, na kwingine kote hubaki pengo. Chembe moja ya changamano ina ukubwa wa makumi hadi mamia ya nanomita, nayo ni laini kwa sababu imejaa maji. Ikikaa katika pengo hilo, na maji yakianza kuondoka kwenye kikaushio, mvutano wa maji huzivuta nyuzi zikaribiane, chembe ile hukandamizwa, hujaza mikunjo ya pande zote mbili, kisha hukauka ikiwa imeshika huku na huku. Mfano ulio karibu ni udongo wa ukuta wa nyumba ya miti: fito zikigusana peke yake zina pengo, na udongo mbichi ukikandikwa hufika pale ambapo fito haziwezi kufikiana.

Martin Hubbe wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, alilipima jambo hili kwa njia ninayoipenda kwa unyofu wake. Alitumia nyuzi za kioo, ambazo kwa kawaida haziunganiki zenyewe kwa zenyewe zinapokauka, akaweka changamano juu yake, na karatasi hiyo ya kioo ikapata nguvu. Nguvu hiyo haikuweza kudaiwa na nyuzi. Ilitoka katika kile kilichowekwa kwenye viungo.

Sasa swali la kwanza. Polima yenye chaji hasi ikiongezwa peke yake, ni kweli itafukuzwa na unyuzi. Ila ikifungamana na polima chanya iliyo nyingi kuliko yenyewe, changamano nzima bado huwa na uso chanya, na unyuzi huipokea. Tofauti ni kwamba kwa kila nafasi ya chaji inayotumika juu ya unyuzi, sasa unabandika donge lenye polima nyingi badala ya mnyororo mmoja uliolala bapa. Ndiyo maana ukomo niliousema wa wanga peke yake husogezwa mbele sana. Faida nyingine ni kwamba changamano, kwa ukubwa wake, haipenyi katika vijitundu vya ukuta wa unyuzi. Polima ndogo yenye chaji nyingi huweza kuzama humo ndani, na ikishazama haina msaada wowote kwa kiungo.

Yafaa pia nitaje jambo la tabaka kwa tabaka, kwa sababu utalikuta katika masomo yako. Mapema miaka ya 1990 Gero Decher alionyesha namna ya kujenga tabaka za chanya na hasi kwa zamu juu ya uso wenye chaji, na Lars Wågberg na wenzake wa Sweden wakaipeleka njia hiyo kwenye nyuzi za mti. Nguvu ya karatasi ilipanda kadiri tabaka zilivyoongezwa. Ila kila tabaka hudai kusuuza nyuzi kabla ya kuweka nyingine, na mashine inayotoa tani kadhaa kwa saa haina nafasi ya kusuuza mara tano. Changamano huleta sehemu kubwa ya faida hiyo kwa hatua moja au mbili.

#4 – Mchangiaji, fundi wa mashine ya karatasi

Mkuu, nakubaliana na nadharia, lakini sisi tuliwahi kujaribu kitu cha namna hii katika kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi, na matokeo yalikuwa mabaya. Siku mbili za kwanza karatasi iliimarika kweli. Siku ya tatu vitambaa vya presi, vile vinavyokamua maji kwenye karatasi, vikaanza kuziba, karatasi ikanata kwenye rola na kukatika, na tulipofungua tangi tukakuta utando mzito kama ute ukutani. Meneja akaamuru dawa zote mbili zifungwe. Tulikosea wapi?

#5 – Mwanzisha uzi

Pole sana, fundi. Ulichokiona ni ile bilauri yangu ya siku ya pili, ila yenu ilikuwa na ukubwa wa tangi.

Changamano hubaki zikielea kama maziwa pale tu chaji ya upande mmoja inapozidi kwa kiasi cha kuzifanya chembe zisukumane. Chaji chanya na hasi zikikaribia kuwa sawa, chembe hupoteza sababu ya kukaa mbalimbali na huganda. Juu ya unyuzi, kuganda kidogo si tatizo, hata kunaweza kusaidia. Ndani ya bomba, tangi au kitambaa cha presi ni maafa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni uwiano wenu wa chaji ulikuwa upi, na hapa nasisitiza neno chaji, kwa maana watu wengi hupima kilo. Kilo moja ya CMC huwa na chaji nyingi mara kadhaa kuliko kilo moja ya wanga wa kawaida wenye chaji chanya. Mtu akiweka nusu kwa nusu kwa uzito akidhani amesawazisha, kwa hakika ameuacha upande hasi ukiwa umezidi mno.

Kupima hakudai mashine ya gharama. Mjapani Hiroshi Terayama alitoa mwaka 1952 njia ya kupima chaji kwa macho: unatia tone la rangi iitwayo toluidini ya buluu katika sampuli yenye polima chanya, kisha unadondosha polima hasi ambayo chaji yake unaijua. Polima chanya ikishakwisha kufungwa yote, tone linalofuata huishika rangi yenyewe, na buluu hugeuka ghafla kuwa zambarau inayoelekea waridi. Unasoma kwenye bireti, yaani mrija wa kupimia, umetumia mililita ngapi, basi. Nimefanya hivyo mara nyingi asubuhi kabla zamu haijabadilishana, na haichukui hata robo saa.

Jambo la pili ni maji. Viwanda vya maboksi chakavu huzungusha maji yaleyale tena na tena, kwa hiyo chumvi hujilimbikiza mpaka upitishaji umeme unafika elfu kadhaa za maikrosimensi kwa sentimita. Chumvi ikiwa nyingi, ioni zinazoachiliwa hazina tena pa kwenda palipo na nafasi, msukumo wa kufungamana hupungua, na mshiko wa changamano juu ya unyuzi hulegea. Tena humo majini mna uchafu wenye chaji hasi, kama vile mabaki ya gundi, wino na lignini iliyoyeyuka, unaoila polima chanya kabla haijaufikia unyuzi. Anayepika mchanganyiko wake kwa maji ya bomba katika maabara na kuupeleka moja kwa moja mashineni hushangaa kwa nini haufanyi kazi.

Jambo la tatu ni mahali pa kuongezea. Unaweza kuchanganya dawa mbili kwanza kisha ukaziingiza, au ukaongeza moja kwenye rojo, yaani nyuzi zikiwa bado majini, na nyingine baadaye ili zikutane juu ya unyuzi wenyewe. Mimi kwa mashine zetu napendelea njia ya pili, polima chanya ikitangulia, kwa kuwa haihitaji tangi la ziada na sehemu kubwa ya kuganda hutokea pale tunapotaka kutokee. Sharti lake ni mchanganyiko wenye nguvu katika kila pahala pa kuongezea. Kama mliingiza CMC kwenye kona ya tangi ambako rojo inatembea polepole, ule ute mliouona ukutani ulizaliwa hapo.

#6 – Mchangiaji, mfanyabiashara wa vifungashio

Ndugu yangu, mimi si mtaalamu, nauza mifuko ya kaki kwa wachuuzi, na baadhi yao huuza samaki. Samaki akitolewa kwenye barafu na kutiwa mfukoni, chini hulowa, na mteja akifika kituo cha daladala samaki yuko barabarani. Je, dawa hizi zinaweza kunisaidia, au nisubiri kitu kingine?

#7 – Mwanzisha uzi

Ndugu, hapo lazima tutenganishe nguvu ya karatasi kavu na nguvu ya karatasi iliyolowa. Karatasi ya kawaida ikilowa hadi ndani hubaki na chini ya asilimia 10 ya nguvu yake, kwa sababu maji huingia baina ya nyuzi na kuvunja vifungo vya haidrojeni. Wanga na CMC huimarisha karatasi kavu, na mteja wako wa unga au mkaa atafaidika, lakini samaki ataanguka vilevile.

Kwa samaki unahitaji resini, yaani dawa kama gundi, inayofunga viungo kwa kifungo cha kikemia kisichoyeyuka majini. Inayotumika zaidi duniani ni ile ya poliamidi na epiklorohidrini, ambayo viwandani huitwa PAE. Nayo ni polielektrolaiti yenye chaji chanya, kwa hiyo ukomo niliousimulia unaihusu pia. Ndiyo maana watengenezaji wa karatasi za kufutia mikono huiongezea CMC: inaziwezesha nyuzi kushika resini nyingi zaidi, na makundi ya kaboksili ya CMC huungana na resini inapopata joto la kikaushio. Karatasi huendelea kuimarika kwa siku kadhaa baada ya kutoka mashineni, kwa hiyo usiipime siku hiyohiyo ukaihukumu. Mfuko wenye dawa hii hautazuia maji kupenya. Utalowa, ila hautaachia mzigo. Kuzuia kupenya ni kazi ya dawa nyingine.

Kuna gharama ambayo sitaki kuificha. Karatasi yenye PAE ni ngumu kurejelezwa. Ikirudi kiwandani haisambaratiki kwa maji na kukorogwa tu kama boksi la kawaida, na vipande vyake huziba chujio. Ningependa mifuko ya namna hiyo itengenezwe kwa matumizi yanayoihitaji kwa kweli, kama ya samaki wako, na isienezwe kwa kila mzigo, kwani nchi zetu zinategemea maboksi chakavu kama malighafi.

#8 – Mchangiaji kutoka Unguja

Assalaam alaykum. Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo. Huku kwetu akina mama wanalima mwani, na nimesoma kwamba mwani una kitu chenye chaji hasi. Nimesoma pia kwamba maganda ya kamba wa baharini hutoa polima iitwayo kitosani, yenye chaji chanya. Je, haiwezekani kutengeneza changamano kwa vitu vyetu wenyewe, badala ya kuagiza dawa kutoka nje?

#9 – Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam. Swali lako nimelifikiria kwa muda mrefu, na nataka nikujibu kwa uangalifu kwa sababu ni swali la riziki za watu.

Kikemia jozi hiyo ipo na inajulikana: karajinani, ambayo ndiyo ile polima hasi ya mwani, ina makundi ya salfati yasiyopoteza chaji hasi katika maji ya aina yoyote tunayokutana nayo, na ikikutana na kitosani hufungamana. Vizuizi vyake ni vya kiutendaji. Kitosani hubeba chaji yake vizuri maji yanapokuwa na asidi kidogo. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikipita 6.5 hivi, chaji hupotea na kitosani huanza kuganda. Maboksi na karatasi chakavu huja na kalsiamu kaboneti nyingi, na maji ya mashine zetu kwa hiyo hukaa kwenye 7 hadi 8. Upande wa mwani, aina inayolimwa zaidi Zanzibar ni ile ya spinosamu, ambayo hutoa karajinani ya iota, na iota ina tabia ya kuwa jeli inapokutana na kalsiamu. Yaani maji yaleyale yanayomwondolea kitosani chaji yake ndiyo yanayoigandisha iota kabla ya wakati. Isitoshe, karajinani iliyosafishwa hununuliwa na watengenezaji wa vyakula kwa bei ambayo mtu wa maboksi hawezi kushindana nayo.

Nikiwa na nafasi ya kuchagua pa kuanzia, ningeanza na muhogo. Wanga wa muhogo hupikika vizuri na hutoa myeyuko laini usioganda upesi, na kuupa chaji chanya ni kazi ya kiwanda cha kemia cha kawaida. Upande hasi ungekuwa CMC. Kitosani ningeiweka kwa karatasi maalumu za nyuzi mpya, mahali ambapo maji yanaweza kuwekwa kwenye asidi kidogo.

Kwa mwani bado ningependa kufanya jaribio moja, nalo ni kutumia unga wa mwani mzima uliochemshwa, bila kuusafisha kuwa karajinani, kwa kuwa gharama kubwa iko katika kusafisha. Ukiweza kunipatia kilo mbili za mwani mkavu ulioshindwa kupata soko, nitauchemsha, nitapima chaji yake kwa toluidini, na nitatengeneza karatasi za majaribio kwa maji yaliyotoka mashineni yenyewe. Matokeo nitayaweka hapa, yakiwa mazuri au mabaya, pamoja na pH na upitishaji umeme wa maji hayo, ili mwenye kiwanda kingine aweze kulinganisha na ya kwake.